Sindano Nambari Saba

Piano ya marehemu Mwalimu Zaharani ina ukali.
Nyuzi nilikwisha kuzikaza juzi, mia mbili na ushei,
mpaka bega likagoma.
Ukali huu ni mwingine: ukigusa, inajibu
kama mtu uliyemkatiza usingizi.

Nimezitoa nyundo zote, themanini na nane,
nimezilaza dakani juu ya mkeka.
Mtoto wa jirani kapita na mkate wa mofa,
kauliza haya ni meno ya nini.
Sikumcheka. Kila kichwa kina mifereji
pale waya ulipouma miaka arobaini,
na sufu imegeuka mfupa.

Sasa nichague.

Msasa ninao, nimeugandisha kwenye kijiti.
Unafuta mifereji, unarudisha umbo la yai,
lakini msasa unakula,
na kilicholiwa hakirudi sahanini.
Mvuke wa birika? Rahisi. Rahisi kupita kiasi:
sufu hufura kama andazi,
sauti ikawa ya mtu aliyejifunika shuka gubigubi;
na hapa Mkomani hewa yenyewe ni mvuke,
kwa nini niilipie mafuta ya taa?
Mombasa wana mpini wa shaba, sindano tatu,
bei yake mbuzi wawili na kamba zao.

Nikenda kwa shangazi, Bi Mwanatumu,
mshona kofia za vito.
Kafungua bati la biskuti lisilo na biskuti.
"Ndoo, kiyana. Wataka sindano ya nini?"
"Ya kutoboa."
"Na uzi?"
"Sina uzi. Natoboa naacha wazi."
Alicheka mpaka miwani ikashuka puani.
"Miaka hamsini natoboa, natia uzi, nafunga.
Wewe watoboa waacha! Basi wauza hewa."

Kisha akaacha kucheka.
Akaitwaa nyundo niliyoichukua mfukoni,
akaibonyeza kwa ukucha, taratibu,
akaigeuza upande wa pili, akaibonyeza tena.
Hajapata kukaa mbele ya piano maishani mwake.
"Usiitoboe utosini," akasema.
"Utosi hauguswi. Anzia mabegani."

Akanipa tatu, nambari saba.
Ya nambari tano aliirudisha mwenyewe: nene, itararua.
Ya tisa nayo: itapinda, utaisingizia sufu.

Mpini nikauchonga kwa kipande cha msaji
kilichobaki kwenye mlango wa watu,
nikazipanga safu moja, zichomoze
nusu ya ukucha wa kidole gumba,
nikazifunga kwa gundi, nikalala.

Alfajiri: bega la kushoto, mara tatu.
La kulia, mara tatu.
Rudisha nyundo. Gusa. Pulika.
Toa tena. Mara moja tu, kushoto.
Gusa.
Do ya kati, iliyokuwa ikisema *ndiyo!*
kwa ubishi wa karani,
ikasema *ndiyo*
kama mtu anayekusogezea kiti.

Hapo ndipo tamaa iliponiingia.
Kwenye fa ya juu yake nilisukuma kwa hasira ya haraka,
nikasikia *tik*,
ncha ikabaki ndani.
Nikaivuta kwa koleo, haikuja. Nikaitukana, haikuja.
Nikairudisha nyundo vilevile.

Jioni Kadara, bintiye marehemu, akakaa kupiga.
Alikipiga kipande cha baba yake, hakika zake,
akaifikia fa, akasimama.
Akairudia. Akairudia.
"Hii umeifanya nini?"
Ulimi ukawa mzito. Nikasema nitaibadilisha.
"Iache," akasema, bila kunieleza sababu,
akaendelea, na kila akipita pale
chini ya ulaini palikuwa na kijiuzi kinang'aa.

Nyundo za mwisho kule juu bado ngumu.
Hizo zangoja msasa, kesho.

Bi Mwanatumu aliniazima tatu.
Nimemrudishia mbili.
Kazihesabu. Kazihesabu tena,
kisha kanitazama juu ya miwani,
na bati bado li wazi.